Mpingo, mkangazi na uzi wa saba

Uzi wa saba niliutaka kwa ajili ya muziki wa dansi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila fundi niliyempigia simu hapa Ujerumani, akisikia tu gitaa la umeme la nyuzi saba, alikuwa ameshanipangia gitaa la muziki wa metali: pikapu kali (sumaku zenye waya zinazonasa sauti ya nyuzi), bodi nyeusi, mngurumo. Siwalaumu. Tangu kampuni ya Ibanez itoe gitaa la Universe mwaka 1990, lililobuniwa pamoja na mpiga gitaa Steve Vai, uzi huo umekaa zaidi mikononi mwa wapigaji wa muziki mzito. Ila historia yake ni ndefu kuliko hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mpiga jazi wa Marekani, George Van Eps, alitengenezewa na kampuni ya Epiphone gitaa la nyuzi saba ili apige besi na wimbo kwa pamoja. Wabrazili nao wana la kwao katika muziki wa choro, ambalo kazi yake ni kutembeza besi chini ya wenzake. Hao ndio niliokuwa nawafuata.

Bendi ya dansi iliyotimia ina solo, solo la pili, ridhimu na besi. Sisi huku Leipzig tuko watatu: mwimbaji, mpiga tumba na mimi. Ridhimu naibeba, solo naidokezadokeza, na besi haina mwenyewe. Gitaa la kawaida linaishia nota ya E ya chini, mitetemo 82 hivi kwa sekunde. Ukiongeza uzi wa B chini yake unafika kama 62. Besi halisi inashuka zaidi ya hapo, lakini kwa nyimbo zetu B hiyo inatosha kumfanya mpiga tumba asijione yatima.

Kuna jambo lingine lililonisukuma. Nimelelewa Temeke na mjomba wangu, aliyepiga ridhimu katika bendi ya kiwanda miaka ya 80. Enzi zile bendi nyingi kubwa zilikuwa chini ya mashirika: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Sikinde ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na viwanda vikawa na zao. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mjomba alikabidhiwa gitaa stoo jioni, akalirudisha stoo usiku, na kwa miaka yote aliyopiga hakuwahi kumiliki gitaa la umeme. Hakuna aliyemuuliza anapenda shingo nene au nyembamba. Kwa hiyo nilipofikisha akiba ya kuagiza gitaa la kuchongewa, kila swali la fundi nililichukulia kwa uzito mkubwa, hata yale ambayo wengine huyajibu kwa kusema "lolote tu."

Fundi niliyempata yuko Markneukirchen, mji mdogo kusini mwa Saksonia, karibu na mpaka wa Ucheki. Huko kazi ya vyombo vya muziki ni ya vizazi na vizazi. Chama cha mafundi wa fidla kiliundwa mwaka 1677, na C. F. Martin, ambaye jina lake liko kwenye magitaa ya Kimarekani, alizaliwa hapo mwaka 1796 kabla ya kuhamia ng'ambo. Mwezi Aprili 2022 nilipanda treni hadi Adorf, nikamalizia kwa basi. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mzee mpole, mwenye vidole vilivyokauka kwa msasa, na aliniambia mapema kwamba siku hiyo hatakata chochote: tutachagua tu.

Tulianza na urefu wa uzi kutoka daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi, hadi pale unapoanzia kichwani, nami nashukuru tulianza hapo. Watu hugombana sana juu ya mbao, lakini B ya chini inapona au inakufa kwa urefu huo. Kwenye inchi 25 na nusu, ambao ni urefu wa magitaa mengi, uzi wa B unalegea, na ukiupiga kwa nguvu nota inayumba kabla ya kutulia. Ukienda inchi 27 mvutano wa uzi uleule kwa nota ileile unapanda kwa asilimia 12. B inakaza vizuri, lakini nyuzi nyembamba nazo zinakaza, na kwenye chemko, sehemu ya wimbo inapochangamka, mimi hukaa juu huko kwenye freti (vile vyuma vya kugawia nota shingoni) ya 12 na kuendelea, vidole vikivuta na kuteleza muda wote. Tukakubaliana inchi 26 na nusu.

Kisha mbao za bodi. Alikuwa ameegemeza ukutani vipande vya alda, ashi na mkangazi wa Afrika Magharibi. Akaanza kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio. Alda ilijibu kwa kina, ashi kwa ukali, mkangazi katikati. Nilimsikiliza kwa heshima, na bado naamini kugonga huko kunamwambia fundi mambo kuhusu ubao: kama umekauka, kama una ufa ndani. Lakini pikapu haisikii ubao. Inasikia chuma cha uzi kikitikisika ndani ya uga wa sumaku, basi. Yeye mwenyewe alilisema hilo nilipomuuliza waziwazi. Akaongeza kwamba mahali ambapo mbao huonekana kweli katika sauti ya gitaa la umeme ni shingoni, kwa sababu shingo ikitikisika sawasawa na nota fulani huinyonya nguvu nota hiyo, ikafa mapema kuliko jirani zake. Kwa hiyo bodi nikaichagua kwa uzito na kwa mapenzi: mkangazi, ubao mwepesi aliousaka chini kabisa ya rundo. Napiga nimesimama kwa muda wa saa tatu, na bega langu linajua kila gramu. Na mkangazi nimeuzoea tangu utotoni, kwenye karakana za milango na vitanda. Angekuwa na mninga ningeuchukua huo, lakini hakuwa nao.

Shingo tuliitafakari kwa muda zaidi. Nyuzi saba zinavuta kwa nguvu, na shingo ni pana, hivyo ubao mmoja unaweza kupinda majira yakibadilika, na majira ya Leipzig hubadilika kweli: unyevu wa Julai na ukavu wa nyumba yenye hita mwezi Januari ni dunia mbili. Akapendekeza vipande vitano vilivyogundishwa, mbao za mepo (maple) na wenge kwa kupokezana, pamoja na chuma cha kurekebishia na fito mbili za kaboni ndani. Sikubishana. Wenge ni ubao wa Kongo, mgumu na wenye mistari mieusi, nami nilifurahi kwamba muziki wa Kongo, uliotufundisha sebene (yale magitaa ya kuchezesha watu), utakuwa na kitu chake mle ndani ya shingo.

Ubao wa vidole ndio uliomfanya mzee avute droo ya chini. Alitoa kipande kirefu, cheusi, kimefungwa gazeti, akaniwekea mkononi bila kusema. Uzito wake ulinijibu kabla sijaufungua: ulikuwa mpingo. Markneukirchen wanatengeneza pia ala za kupuliza, na mpingo ndio klarineti na obo za dunia nzima, kwa hiyo kuukuta mji ule si ajabu. Ajabu ilikuwa urefu. Vipande vya klarineti ni vifupi, na mpingo wenyewe ni mti mwembamba, mara nyingi umejipinda, unaochukua miongo mingi kufikia kimo cha kukatwa. Gitaa la freti 24 kwa urefu wetu linahitaji zaidi ya sentimita 50 za ubao ulionyooka usio na ufa. Alikuwa amekinunua zamani kwa mfanyabiashara wa mbao, akikitunza hadi apatikane mtu wa kukistahili. Hayo ya kustahili aliyasema yeye.

Nilimweleza kuhusu Mwenge, Dar es Salaam, wachongaji wa Kimakonde wanavyoukalia mpingo siku nzima kwa tezo na patasi, na kuhusu vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao wenyewe na kuuza mpingo wenye cheti. Hilo la Kilwa alilijua kuliko nilivyotarajia. Alinionyesha pia karatasi za kipande kile, kwa sababu tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nikamuuliza kama nitaweza kusafiri nalo. Akasema ndiyo: tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vya miti hiyo vimeondolewa kwenye sharti la vibali. Ubao mtupu ni habari nyingine.

Baada ya chakula cha mchana tukafika kwenye pikapu, na hapo ndipo tulipopishana. Haikuwezekana kuahirisha, maana pikapu zenye betri na zile za kawaida hazina umbo moja, na mashimo ya bodi hukatwa kwa kipimo cha mojawapo. Mzee alikuwa na gitaa la majaribio: shingo ya nyuzi saba juu ya ubao wa msonobari uliotobolewa kwa nyuma, ili pikapu zichomekwe na kutolewa bila kulegeza nyuzi. Chombo cha maana kuliko vyote mle ndani, kwa maoni yangu.

Tukaanza na za betri. Ndani zina mizunguko michache ya waya na kikuza sauti kidogo kinachotumia volti 9. Kimya chake kilinishangaza, hakuna hata mvumo wa taa. Lakini nilipopiga ridhimu, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikijibu juu, vyote vilitoka kwa nguvu moja. Niligusa kwa upole, nikagusa kwa nguvu, tofauti ikawa ndogo. Kwa dansi, tofauti hiyo ndiyo muziki wenyewe.

Zikafuata hambaka, yaani pikapu za koili mbili za waya, za sumaku ya kauri, zenye waya mwingi. Hizi ndizo alizozitaka mzee. B ilikuwa imekaza ngumi. Ila zilisukuma ampu (mashine ya kukuza sauti ya gitaa) kwa nguvu hivi kwamba sauti safi ilianza kuchanika kabla sijafika sauti ya kawaida ya ukumbi, na nyuzi za juu zikawa butu, kwa sababu mizunguko ikizidi ule mng'aro wa juu hupungua. Aliniambia sumaku laini itaivuruga B. Nikamwomba tujaribu.

Za tatu zilikuwa za alniko 5, aloi ya alumini, nikeli na kobalti, zenye waya wa wastani. Ya darajani ilinipa kila nilichokitaka. Ya shingoni ilivuruga B, kama alivyosema. Tukaanza kuhangaika nayo: akashusha skrubu upande wa nyuzi nene, mvurugiko ukapungua nusu, akazima koili moja kati ya mbili, ukapungua tena, ila mvumo wa umeme ukarudi, maana koili mbili za hambaka zipo ili kufutiana mvumo huo. Hatimaye akasema atafunga mwenyewe ya shingoni, kwa mizunguko michache zaidi, na kuweka swichi ya kuzima koili nikihitaji.

Kabla ya kuafiki nilirekodi kipande kilekile kwa za kauri na kwa za alniko, nikamtumia mjomba bila kumwambia ipi ni ipi. Akapiga simu baada ya muda mfupi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo ya pili."

"Kwa nini?"

"Ya kwanza nyuzi zote zinasema kwa mdomo mmoja. Ya pili namsikia wa besi, namsikia wa ridhimu. Mko wangapi hapo?"

Ya pili ilikuwa ya alniko. Nilimtafsiria mzee, naye akaandika kwenye karatasi yake ya agizo: alniko 5, volyumu ya kiloomu 500, swichi ya koili. Kisha akauliza huyo mjomba anapiga gitaa gani. Nilipomweleza habari za stoo ya kiwanda, aliweka kalamu chini na kutaka asimuliwe yote, na basi la jioni likaniacha.

Gitaa lilikamilika baada ya mwaka mmoja na ushei. B inasimama, shingo haijasogea tangu hapo, na mpingo umezidi kung'aa pale vidole vinapokaa zaidi. Mjomba ameshaona video zake. Ujumbe wake wa mwisho ulisema: "Ukija Desemba uje nalo, nataka kulishika usiku kucha. Na ubebe nyuzi za akiba, hizo za saba Kariakoo sijaziona."