Ethiopia: Nchi Inayosoma Saa Kama Sisi

Nilipoanza kupanga safari ya Ethiopia kutoka Nairobi, kilichonipa moyo kuliko vyote ni saa. Kule siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kama kwetu. Saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Mgeni kutoka Ulaya hukaa akitoa sita na kuongeza sita, lakini mtu wa Kiswahili anaijua hesabu hiyo tangu utotoni.

Mtego uko kwenye maandishi. Sisi tunasema saa moja lakini tunaandika 7:00. Wao wanasema saa moja na wanaandika 1:00. Tiketi yangu ya kwanza ya basi iliandikwa 12:00, nami kwa mazoea ya Nairobi nikaisoma saa sita mchana, wakati basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye chumba nilicholala ndiye aliyeniokoa jioni ile. Tangu hapo kila nikikata tiketi nauliza kwa mdomo kama saa hiyo ni ya tewat, yaani asubuhi, au mata, yaani jioni. Tiketi za ndege tu ndizo zinazofuata saa za kimataifa.

Kalenda nayo ina yake. Mwaka una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30 kamili, kisha Pagume yenye siku 5, au 6 kila baada ya miaka minne. Mwaka mpya, Enkutatash, huangukia tarehe 11 Septemba, na mara moja katika miaka minne tarehe 12. Kupata mwaka wao, toa 8 kwenye mwaka wetu ukiwa kabla ya siku hiyo, na baada yake toa 7. Ukipewa risiti inayosema 2017 nawe unajua ni 2025, hujatapeliwa. Kwenye daftari la safari niliandika kila tarehe mara mbili, na hilo liliniondolea maswali mengi kwenye vituo vya mabasi.

Mkenya hahitaji viza. Unahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri. Mimi nilikwenda kwa barabara na kurudi kwa ndege, ambayo huchukua kama saa mbili tu. Mabasi ya Moyale hutoka Eastleigh na safari ni karibu kilomita 780, lami mwanzo hadi mwisho, kupitia Isiolo na Marsabit. Pasipoti iwe mfukoni, si kwenye begi lililo chini ya basi, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi na utashushwa usiku wa manane kuonyesha kitambulisho. Sweta nayo iwe karibu; Marsabit usiku ina baridi ambayo watu hawaitarajii.

Moyale ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka. Ukivuka, magari yanahamia upande wa kulia wa barabara. Ukiwa kwa miguu, hilo ndilo la hatari zaidi: miguu ya Nairobi imezoea kutazama kulia kwanza, na kule gari litatoka kushoto. Kutoka hapo hadi Addis Ababa ni kama kilomita 770 nyingine. Niligawa siku mbili nikalala Hawassa, kando ya ziwa. Njia hii na ile ya kaskazini kwenda Gondar na Lalibela ulizie usalama wiki yenyewe ya safari, maana eneo la Amhara limekuwa na mapigano tangu 2023, na sehemu za Oromia, jimbo ambalo njia ya Moyale hupitia, pia hazitabiriki. Pakiwa na shaka, panda ndege hadi Addis na utembee humo.

Shilingi za Kenya zibadilishe Moyale. Mbele ya hapo hakuna anayezitaka. Dola hubadilishwa benki, na birr, fedha ya kule, zitumie zote kabla ya kurudi kwa sababu Nairobi ni taabu kupata mnunuzi. M-Pesa ya laini ya Kenya usiitegemee dukani. Laini ya kule husajiliwa kwa pasipoti. Na soketi zao ni za miguu miwili ya mviringo, kwa hiyo nunua adapta Luthuli Avenue kabla hujaondoka.

Sasa chakula, ambacho kwangu peke yake ni sababu tosha ya safari. Injera ni mkate mpana, laini, wenye vitundu, wa unga wa teff, nafaka ndogo ya kule, uliochachushwa siku kadhaa. Uchachu huo ndio utamu wake, lakini tumbo lililozoea ugali hujaa gesi siku za mwanzo. Nilijifunzia Nairobi kwanza, kwenye mikahawa ya Kihabeshi ya Hurlingham, mara moja kwa wiki kwa mwezi mzima, na nilipofika sikusumbuka. Unakula kwa mkono wa kulia: kata kipande cha ukubwa wa kiganja, bana mchuzi ndani yake, peleka mdomoni. Kipande cha chini kilicholowa mchuzi kinaliwa mwisho, na ndicho kitamu kuliko vyote. Mwenyeji akikutengenezea tonge na kukulisha kwa mkono wake, hiyo ni gursha. Fungua mdomo. Kulikataa ni kumvunjia heshima.

Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodox hufunga: hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Agiza yetsom beyaynetu, sinia ya injera yenye dengu, kabichi, sukuma na shiro, mchuzi mzito wa unga wa mbegu kavu za jamii ya kunde. Ni rahisi, hushibisha, na kabla ya Pasaka yao mfungo huendelea siku 55, kwa hiyo utaikuta kila mahali. Msafiri Mwislamu ajue kwamba kule Mkristo na Mwislamu kwa desturi hawali nyama ya kuchinjwa na mwenzake. Tafuta mkahawa wa Waislamu, na ukikosa, sahani ya mfungo haina nyama kabisa. Pilipili ya berbere ni kali. Anayetaka kupoa aombe alicha, mchuzi wa manjano. Kitfo ni nyama mbichi ya kusagwa iliyochanganywa na samli ya viungo. Mimi naiomba lebleb, yaani ipashwe moto kidogo.

Kisha kahawa. Wao huiita buna, sisi kahawa mbichi tunaiita buni, na udugu huo wa maneno hunifurahisha kila ninapousikia. Kahawa hukaangwa mbele yako, moshi unapitishwa uinuse, inatwangwa, inachemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, huku ubani ukifuka na bisi zikipita. Hunywewa mizunguko mitatu: abol, tona, na wa tatu huitwa baraka, neno usilohitaji kutafsiriwa. Tenga saa nzima. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza huwaudhi watu.

Addis iko juu ya mita 2,300, zaidi ya Nairobi kwa mita 500 na ushei, kwa hiyo siku ya kwanza panda vilima polepole. Juni hadi Septemba ni masika yao. Mvua hunyesha karibu kila alasiri. Nilikwenda Januari, anga jeupe, Krismasi yao ikiwa tarehe 7 na Timkat, sikukuu ya ubatizo, tarehe 19. Vyumba hupanda bei wiki hizo, basi weka nafasi mapema.

Ukirudi na berbere, ifunge mara tatu kwa karatasi nene kisha uitie kwenye kopo lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na harufu ya berbere ikiingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja.