CCR na namba 2 zao

Jamani jana usiku umeme umekatika, nikawa nimejilaza tu na earphone, ikaingia Proud Mary ya Creedence Clearwater Revival (CCR), bendi ya rock ya Marekani, basi nikaanza kuwachimba hawa jamaa mpaka chaji ikabaki asilimia 4. Kumbe ngoma kali vile haikufika namba moja kwenye chati za Marekani! Iliishia namba 2 mwaka 1969. Nikasema labda bahati mbaya, kucheki vizuri Bad Moon Rising namba 2, Green River namba 2, Travelin' Band namba 2, Lookin' Out My Back Door nayo namba 2, yani mara tano loh! Uingereza ndo angalau wakaipandisha Bad Moon Rising mpaka namba moja. Afu huohuo 1969 wametoa albamu TATU, siku hizi msanii anatoa nyimbo nne anaenda likizo miaka miwili. Albamu lakini zilitusua, Green River na Cosmo's Factory zote zilishika namba moja. Na kuimba kote kule mambo ya Louisiana, kusini mwa Marekani, kumbe wenyewe watoto wa California, nimecheka peke yangu gizani. 1972 wakavunjika. Sauti ya mwimbaji wao John Fogerty haijanitoka kichwani toka asubuhi.