Swali la kwanza baada ya ushindi

Leo nimetazama mbio za baiskeli hadi mwisho. Kijana ambaye msimu uliopita alikuwa akimaliza katikati ya kundi amewaacha vigogo wote mlimani.

Nilishangilia. Wenzangu wakaguna: "Huyo si bure."

Shaka yao, kwamba anatumia dawa za kuongeza nguvu, ina chanzo. Mwendesha baiskeli Mmarekani Lance Armstrong aliapa miaka mingi kwamba ni msafi, na mwaka 2012 akavuliwa mataji 7 ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa. Dawa ya EPO huongeza chembe nyekundu za damu, misuli ikapata oksijeni zaidi, na kwa muda mrefu hapakuwa na kipimo cha kuinasa.

Lakini tangu 2008 kuna pasipoti ya kibaolojia, yaani rekodi inayofuatilia damu ya mwanamichezo kwa miaka ili kunasa dalili za dawa.

Hata hivyo, mwaka 2015 Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi, alimwagiwa mkojo akiwa mbioni, akiitwa mtumia dawa.

Mkojo, jamani!

Leo kijana hakuwa hata amefuta jasho. Swali la kwanza aliloulizwa: dawa. Tabasamu likamtoka palepale, akashika chupa yake ya maji kwa mikono miwili.

Imeniuma sana.

Ninyi mnaonaje? Mshindi mpya mnamwamini kwa kigezo gani?