Mwanza hadi Rubavu, baiskeli ndani ya kanga

"Dada, hilo likipanda zima zima ni nauli ya watu wawili," konda aliniambia stendi ya Nyegezi, alfajiri bado giza. Nikapiga magoti kwenye lami na kuanza kuifungua baiskeli. Magurudumu yalitoka upesi. Pedali ya kushoto ndiyo iliyonichelewesha, maana skrubu yake hufunguka kinyume na ya kulia na mikono ilikuwa na haraka. Fremu niliizungushia kipande cha godoro kuukuu na kanga mbili, nikailaza kwenye buti la basi, gia zikiangalia juu. Nilimwomba konda asiruhusu mtu aweke mzigo juu yake. Akaniitikia.

Nilikuwa naenda Rubavu, Rwanda, kwenye mashindano ya Ironman 70.3 yaliyoanza kufanyika pale mwaka 2022. Unaogelea kilomita 1.9, unaendesha baiskeli kilomita 90, kisha unakimbia kilomita 21.1. Jumla ni kilomita 113, na ukizigeuza ziwe maili ndiyo hiyo 70.3. Nilikuwa nimejiandaa miezi minane.

Tulivuka Busisi, tukapita Geita na Biharamulo, mchana tukafika Rusumo, mpakani na Rwanda. Ukivuka daraja la Mto Kagera mambo mawili hubadilika, na yote mawili yalinihusu kama mshindani. Saa inarudi nyuma kwa saa moja, na magari yanahamia kulia. Watu hulichukulia hili la kulia kuwa ni habari ya madereva. Lakini mimi maisha yangu yote nimeendesha kushoto, na nikitaka kumpita mtu namchungulia kwa bega la kulia. Sasa ningekaa kulia na kupita kwa kushoto, nikiwa nimechoka, kwenye mteremko. Kutoka Rusumo hadi Kigali nilikaa dirishani nikigeuza shingo kushoto kila tulipopita lori, hadi abiria jirani akaniuliza kama shingo inaniuma.

Kesho yake, baada ya Musanze, barabara ilipanda kwenye baridi na mashamba ya viazi, kisha ikateremka mfululizo hadi Ziwa Kivu. Upande wa pili wa mpaka palikuwa Goma, Kongo, na nyuma yake mlima wa volkano Nyiragongo ukifuka moshi.

Nilipoifunua baiskeli, moyo ulishtuka. Mzigo wa mtu ulikuwa umeilalia. Kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kifaa cha kubadilishia gia za nyuma kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Nilielekezwa kwa fundi mmoja karibu na mpaka, mzee wa Goma. Alichuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama kwa nyuma.

"Mama, haikuvunjika. Imepinda tu. Lakini ukiweka gia ya mwepesi kabisa, hii itaingia mu spoku. Utaanguka."

Alikitoa kifaa hicho cha gia, akachukua gurudumu la baiskeli nyingine na kuiskrubu ekseli yake kwenye tundu lile lile lililokuwa limekishika. Magurudumu mawili yakawa ubavu kwa ubavu, langu na la kwake. Akapitisha kidole katikati ya rimu mbili: juu, chini, mbele, nyuma. Palipobana alilivuta gurudumu lake kidogo kidogo, kama anayenyoosha mkono wa mtoto, kisha akapima tena. Ilimchukua karibu saa nzima. Hakugonga nyundo hata mara moja.

Gia hiyo nyepesi ndiyo niliyoijengea mpango wangu wote. Huku kwetu wengi tunaoanza mchezo huu tunaogopa maji, kwa hiyo mazoezi yote tunayamalizia kwenye bwawa. Naamini tunakosea. Kuogelea kulinichukua dakika 46. Baiskeli karibu saa 4. Anayeharibu siku yake huiharibu kwenye baiskeli, tena mapema, angali na nguvu, akijiona shujaa. Bili huja kwenye mbio.

Siku ya mashindano mwili uliniamsha wenyewe saa 9 usiku, kwa kuwa Mwanza ilikuwa saa 10, muda wangu wa mazoezi. Ile saa moja ya Rusumo ikawa zawadi. Nilikula wali mweupe na asali taratibu, tumbo likapata saa tatu za kutulia.

Kivu halina mamba wala kiboko, na kwa mtu wa Ziwa Victoria hilo peke yake ni raha. Shida ni kwamba ziwa halina mstari chini wa kukuongoza kama bwawa. Nyumbani nilikuwa nimejipima: unafumba macho, unapiga mikono sita, unafumbua uone umeelekea wapi. Kila mara nilijikuta nimepinda upande wa kulia. Basi Rubavu niliinua macho kila baada ya mikono sita na kujirudisha kushoto kidogo. Nilianzia pembeni, mbali na msongamano wa miguu, na nilitoka majini nikiwa na pumzi.

Helmeti kwanza, ifungwe kabisa, ndipo uguse baiskeli. Ukikosea hapo unaadhibiwa. Mlima wa kwanza nilishusha gia hadi ile ya mwisho. Cheni ikapanda kimya, spoku salama, nikamwombea dua yule mzee. Watu wakanipita, mmoja, wanne, tisa. Watoto kando ya barabara walipiga kelele "Komera! Komera!", yaani jikaze, na miguu ikataka kuitikia. Nikahesabu kwa sauti moja hadi kumi. Nikikata pumzi kabla ya saba, najua nimezidisha.

Kila chupa nilikuwa nimetia vijiko vitano vikubwa vya sukari na chumvi kidogo, karibu gramu 60 za wanga, ya kunywa kwa saa moja. Saa ya mkononi ililia kila dakika 15. Nilikunywa vizuri hadi mteremko mrefu wa pili, nikashika breki kwa mikono yote miwili na macho yangu yote kwenye kona. Niliposhtuka, dakika 40 zilikuwa zimepita bila tone.

Mbio nilizianza polepole kando ya ziwa, miguu mizito kama inavyokuwa siku zote ukishuka kwenye baiskeli. Kilomita ya 6 nilianza kuwapita walionipita mlimani, wengine wakitembea, wameshika viuno. Kilomita ya 9 ikawa zamu yangu: zile dakika 40 bila tone zilikuja kunidai. Jasho likawa la baridi, na maandishi kwenye bango la mbele yakawa hayasomeki. Nilitembea, nikanywa soda vikombe viwili, nikala ndizi, nikatembea tena hadi nikaweza kuyasoma. Dakika nane zilipotea pale. Nilimaliza kwa saa 7 na dakika 5.

Jioni nikila sambaza, visamaki vya Kivu, za kukaanga ufukweni, niliirudia siku nzima kichwani hadi nikaelewa kwa nini sikuisikia alamu. Kwenye mteremko upepo unavuma masikioni kiasi kwamba mlio mdogo haupenyi. Nimeshaibadili saa: sasa inatetemeka mkononi.