Shemeji anataka ukurasa Wikipedia

Shemeji yangu ana shule ya sekondari ya binafsi huku Morogoro. Juzi kanitumia kwa WhatsApp maelezo marefu ya "historia ya shule", picha ya bweni jipya, na picha yake mwenyewe akiwa ndani ya suti. Anataka iwe Wikipedia kabla wazazi hawajaanza kutafuta nafasi za kidato cha kwanza. "Si wewe ndiye mwenye Wikipedia ya Kiswahili?" Mwenye! Mimi nasahihisha tahajia, napanga makala kwenye jamii (makundi ya mada), na kufuta kejeli wanazoandikiana watu kwenye makala za Simba na Yanga.

Nimekataa. Shule si mbaya, ila mwanangu anasoma pale kwa nusu ada. Pale ukoo unapokutana, mgongano wa maslahi ni jambo la mawaziri na zabuni. La mtu na shemeji yake linaitwa kusaidiana.

Akasema basi atanilipa, iwe kazi. Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, yanamtaka anayelipwa kuhariri aseme anayemlipa ni nani na kazi ni ya nani: kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, kwenye ukurasa wa majadiliano ya makala, au kwenye muhtasari wa hariri. Na kwangu mimi nusu ada ni malipo, hata kama hakuna risiti.

"Nani atajua?" Historia ya ukurasa, inayotunza kila badiliko na aliyelifanya, inajua. Mwaka 2005 Jimmy Wales, mwanzilishi mwenyewe, alionekana akihariri makala iliyomhusu, akigusa sehemu inayomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake. Watu waliiona, wakasema, na yeye akakiri kuwa heri asingefanya. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 kwa mpigo, za watu waliokuwa wakiandika makala za biashara kwa pesa bila kujitangaza.

Lakini kanuni za Wikipedia ya Kiingereza zinadhani kuna watu. Wanakuambia weka ombi kwenye majadiliano, mwenzako asiyehusika atalipitia. Kwetu wahariri wa kila siku ni wachache, na ombi linaweza kukaa miezi bila hata mtu kusalimia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tusiandike kabisa vitu vya kwetu. Kata niliyozaliwa nisipoiandika mimi, ataiandika nani? Kuipenda kata si kulipwa nayo. Mpaka wangu ni huu: nikiandika ukweli usiopendeza, kuna mtu atanikatia kitu au kuniuliza kwenye kikao cha harusi? Kama yupo, mkono wangu hauigusi makala hiyo. Ninaomba, halafu namgongea mmoja wa wakabidhi (wasimamizi wa Wikipedia yetu) kwenye ukurasa wake.

Ndivyo nilivyofanya. Makala ya kata ile bado ni mbegu, yaani makala fupi ya kuanzia: jina, wilaya, msimbo wa posta, wakazi kwa sensa. Kwenye majadiliano nimependekeza sentensi moja inayoitaja shule, nikaandika kwamba mwenye shule ni shemeji yangu na mwanangu anasoma pale kwa punguzo.

Chanzo ndicho kilichotugombanisha. Shemeji alinipa kalenda ya shule na video ya mahafali. Nikamwomba kitu kilichoandikwa na mtu asiye wake. Gazeti hakuna. Kilichopo ni matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, yako wazi mtandaoni, shule kwa shule, hadi divisheni sifuri. Maelezo yake yalisema "ufaulu wa kujivunia" bila tarakimu hata moja, na nilipofungua matokeo nikaelewa kwa nini. Nimeweka kiungo kama kilivyo, atakayeandika ataamua.

Jana dada kanipigia. Anauliza kama yeye anaruhusiwa kufungua akaunti. Nikamwambia anaruhusiwa, ila atangulize kusema ni mke wa nani. Akakata simu.