Jinsi nilivyozimudu siku ndefu za kliniki baada ya tibakemikali

Uchovu wa tibakemikali, yaani dawa kali za kutibu saratani, si kama uchovu wa kazi. Unalala nao, unaamka nao. Kliniki, kilichokuwa kikinimaliza ni kungoja majibu ya damu, maana daktari haamui kitu kabla ya kuona chembe nyeupe za damu, zile zinazoukinga mwili na maradhi, zimefikia wapi. Nikamwomba muuguzi nitolewe damu siku moja kabla. Akakubali, na kungoja kukapungua mno. Kwa saa zinazobaki, nakunywa maji kidogo kidogo, nakula kabla njaa haijanishika, na dada yangu hunishikia foleni huku nimejiegemeza kwenye benchi la pembeni, shali mabegani, barakoa usoni. Maswali nayaandika nyumbani, kwa sababu zamu yangu ikifika akili huwa imeshachoka.