Kisanduku Kilicho Juu ya Friji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tangu Alhamisi nalala na sentensi moja na kuamka nayo. Nimeipikia ndizi, nimepiga nayo pasi kanzu ya Baba Mchungaji, bado ipo.

Aliyeitamka ni yule bibi wa viazi. Mnaonisoma tangu tulipohamia Wuppertal, hapa Ujerumani, mnamfahamu: ndiye aliyenipeleka kununua buti za theluji za mitumba, ndiye aliyekaa na kitinda mimba wetu siku ile ya homa, sisi tukiwa kwenye foleni ya vibali. Ana miaka themanini na ushee. Kila Alhamisi usharika hugawa chakula pale ukumbini, mikate iliyobaki madukani, mboga zilizoanza kulegea, maziwa yanayokaribia tarehe, na yeye huketi meza ya nyuma akimenya viazi vya supu. Wanaokuja ni wazee wa pensheni ndogo, akina mama wa Syria na Ukraine, na siku hizi hata watu waliovaa vizuri, ambao husimama mwisho kabisa wa foleni wasionekane na majirani.

Alhamisi hii alikuja na mfuko wa kitambaa. Tulipomaliza kufuta meza akaniita, "Mama Mchungaji, njoo ukae hapa." Akatoa kisanduku cha zamani. Juu yake mtoto mweusi amepiga magoti, amevaa nguo nyeupe, viganja vimekutana kwa sala, na mbele yake kuna tundu la sarafu. Bibi akatumbukiza senti kumi. Kichwa cha yule mtoto kikaanza kwenda chini na juu, chini na juu, kama cha abiria anayesinzia kwenye basi la Bukoba.

"Kilikuwa cha shule yetu ya Jumapili, karibu na Bielefeld," akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Kila nikitia pfenigi, anashukuru."

"Anamshukuru nani?"

"Mimi." Akanishika mkono. "Na jioni nilimwombea. Tuliambiwa anakaa Bukoba. Sikuwahi kuujua uso wake. Sasa naujua. Ulikuwa wewe."

Ulikuwa wewe.

Nami sikupata neno, nikatikisa kichwa. Chini na juu. Hicho ndicho kinachoniamsha usiku.

Wiki hiihii wazee wa kanisa wamepiga kura kuuza jengo letu la mtaa wa pili, binti yetu mkubwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na Baba Mchungaji amehubiri kwenye sinodi kwa Kijerumani bila kusoma karatasi. Nitayaandika siku nyingine. Kwa sasa kichwani mwangu kuna meza moja tu na watu wawili, na mmoja wao anasema ulikuwa wewe. Hakusema anafanana nawe, wala alitoka kwenu. Nimejaribu kuisikia kama tusi, haikubali, kwa maana macho yake yalikuwa na machozi. Nimejaribu kuisikia kama baraka, nayo inanikwama kooni.

Kinachonichoma si magoti. Kwetu Buhaya mwanamke hupiga magoti akiwasalimu wakubwa, nami nimeyapiga tangu utoto bila kuona aibu. Lakini goti la salamu linajibiwa. Mkubwa anakuitikia, anakuuliza habari za nyumbani, anasubiri umwambie, ndipo unainuka. Yule mtoto wa kisanduku hajibiwi. Anatikisa kichwa, wanaangua kicheko, inatumbukizwa sarafu nyingine.

Na mambo ambayo watoto wale hawakuambiwa ni mengi. Hawakuambiwa kwamba wamisionari wa Betheli, misheni ya Kijerumani, walipofika Buhaya mwaka 1910 waliwakuta Wahaya waliokwisha kuipata Injili kupitia Uganda, wanasoma na kusali wenyewe. Hawakuambiwa kwamba vita vilipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, kanisa halikufungwa. Walimu wa kwetu walifundisha, walizika, waliwaandaa watu kwa ubatizo. Wangejuaje kwamba mwaka 1977, kwenye mkutano wa Dar es Salaam, askofu wetu Josiah Kibira angechaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kuketi pale? Hata VEM, umoja wa misheni uliotuleta hapa, tangu 1996 si mali ya Wajerumani peke yao. Makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yanakaa humo na kupiga kura kama ndugu. Mwenzetu Mbataki wa Indonesia yuko hapa kwa mpango huohuo. Tumetumwa. Kanisa la Bukoba limetoa mchungaji wake na familia yake likawapa Wajerumani, na wakati wa kutuaga bibi mmoja wa jumuiya yetu alinikabidhi senene wa kukaanga akasema, "Wapelekee, wasikie ladha ya kwetu."

Nilipofika na kile kisanduku nyumbani, binti akakitazama mara moja. "Mama, kitupe." Baba Mchungaji akasema kipelekwe kilima cha Hardt kwenye nyaraka za misheni, kikae na barua za zamani. Mimi nikakiweka juu ya friji, nikikigeuzia ukutani.

Jumamosi nikaenda kumrudishia bibi sahani yake ya keki. Tulikunywa kahawa, nikamuuliza walikuwa wanakula nini miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili.

"Viazi," akasema. "Na maganda ya viazi." Bielefeld ilikuwa imepigwa mabomu. Kaka zake waliokota vyuma kwenye vifusi wakaviuza, na kutoka hapo ndipo mama yake alipotoa ile pfenigi ya Jumapili. Halafu, bila mimi kumchokoza, akaanza habari za vifurushi vilivyotoka Marekani. Watoto walipangwa mstari, kila mmoja akapewa kopo la maziwa ya unga alishike kifuani, akaja mpiga picha akawataka watabasamu. "Mimi sikutabasamu. Mama akanifinya hapa." Akanionyesha mahali, chini ya kwapa, na bado alikuwa na hasira, mtu wa umri ule.

Nikamweleza habari za goti la kwetu na jinsi linavyojibiwa. Nikamwambia kwamba yule mtoto wa kisanduku hakujibiwa.

Akafikiri. "Nilimjibu," akasema. "Jioni. Nilimuuliza kama amekula."

Wapendwa, niliondoka pale nikiwa mtu mwingine. Mtoto mwenye njaa, kwenye mji uliobomoka, alimuuliza mtoto wa Bukoba kama amekula, wakati mama yangu mwenyewe alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilitembea hadi kituo cha ile treni yetu inayoning'inia juu ya mto, ikapita moja, ikapita ya pili, sikupanda. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea hata kidogo.

Lakini kisanduku sikisamehe. Aliyekitengeneza aliwafundisha watoto wa vizazi vingi kwamba shukrani inatoka upande mmoja tu. Ndiyo maana naipenda ile sheria yetu ya Alhamisi ya kila mtu kulipa euro mbili kwa kikapu. Wengine wanaiona ni usumbufu. Mimi naona inampa mtu ruhusa ya kuchagua karoti, kuzikataa zilizooza na kwenda zake bila kumtikisia mtu kichwa.

Nimemwomba bibi aje kwa watoto wa kipaimara, awasimulie habari za kisanduku na za kopo la maziwa, vyote viwili. Amekubali, kwa sharti nikae karibu yake. Binti anasema hatakuwepo. Hilo tutalizungumza.

Nyumbani nako si shwari. Kaka amepiga simu jana kutoka Kamachumu: migomba ya nyuma ya nyumba majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani ni rangi ya kutu. Ni mnyauko, uleule ulioingia Kagera mwaka 2006. Hauna dawa. Nimemwambia aondoe maua dume kwa kijiti cha panda na si kwa panga, panga lenyewe alipitishe motoni kila anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na iliyougua aing'oe yote na mashina yake. Anasema jirani hataki kung'oa ya kwake, na Mama ameapa kwamba migomba aliyopanda babu haing'olewi yeye akiwa hai. Anayemsikiliza ni Baba Mchungaji peke yake, naye ana vikao vya kuuza lile jengo hadi Jumanne.